Miezi saba ya kusubiri: Kambi za vyuo kwa vijana wenye vipaji Shinyanga na Geita

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne humalizika mwishoni mwa Novemba. Matokeo hutoka mwishoni mwa Januari. Waliochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti shuleni Julai. Tangu mwanafunzi akabidhi karatasi yake ya mwisho hadi aingie darasa jipya hupita zaidi ya miezi saba, na katika muda huo hakuna mwalimu anayemdai daftari.

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Mbogwe na Geita, miezi hiyo haikosi mwenyewe. Kijana mwenye daraja la kwanza huenda kwenye karasha kusimamia usagaji wa mawe, au hushinda mwaloni akiosha mchanga wa dhahabu, mikono ikigusa zebaki. Mwingine hukabidhiwa bodaboda. Msichana aliyeongoza shule ya kata kwa hisabati hurudi kwenye jembe na jiko, au hupelekwa mjini kwa ndugu kulea mtoto. Julai inapofika, wapo ambao hawaripoti tena.

Nchi nyingine hutumia muda wa namna hii kwa jambo moja mahususi. Vijana wenye uwezo mkubwa wa masomo hukusanywa chuo kikuu, hulala hapo wiki mbili, tatu au sita, na hufundishwa na wahadhiri mambo ambayo shule haiwezi kuwapa. Shinyanga na Geita zina uzoefu wa kambi, zina chuo, na zina migodi inayotoa fedha za maendeleo kila mwaka. Kambi ya aina hiyo bado hazina.

Kambi za kuokoa ufaulu

Kambi ya kitaaluma si jambo geni katika mikoa hii. Miezi michache kabla ya mtihani, shule nyingi za kata huwataka wanafunzi wa kidato cha nne walale shuleni. Madarasa hugeuzwa mabweni na magodoro hutandikwa sakafuni. Wazazi huchanga mahindi, maharage na kuni, na walimu hugawana zamu za usiku. Kwa mtoto anayetembea mwendo mrefu kila asubuhi na kujisomea kwa tochi ya simu, kambi hiyo ni msaada wa kweli, na kuibeza ni kutomjua mtoto huyo.

Mkoa jirani wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, uliifanya kambi kuwa mpango wa mkoa mzima. Katika uongozi wa Anthony Mtaka, aliyekuwa mkuu wa mkoa huo kuanzia 2016 hadi 2021, wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa kutoka shule mbalimbali na kuletewa walimu mahiri wa kila somo. Mwanafunzi ambaye shule yake haikuwa na mwalimu wa fizikia alimpata hapo.

Hata hivyo kambi hizo zina lengo moja, nalo ni kupandisha ufaulu. Kinachosomwa humo ni maswali ya mitihani iliyopita. Aliyekaribia sifuri huvutwa afike daraja la nne, na wa daraja la tatu hupandishwa hadi la pili. Yule ambaye angepata A ya hisabati hata kama angelala kwao haongezewi kitu. Mara nyingi hupewa chaki awafundishe wenzake, kazi njema inayomjenga, lakini isiyomfungulia mlango wa elimu iliyo mbele yake.

Aliye mbele ya darasa huachwa ajitegemee kwa sababu tu hana hatari ya kufeli.

Serikali inazo shule za sekondari za vipaji maalumu. Kwa wavulana kuna Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora. Kwa wasichana kuna Kilakala, Msalato na Tabora. Hakuna hata moja iliyo Shinyanga au Geita. Anayechaguliwa huondoka mkoani, na wenzake walio nyuma yake kidogo tu, pengine kwa alama chache, hubaki katika shule zisizo na maabara wala mwalimu wa fizikia. Kundi hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza, na ndilo ambalo kambi ya chuo ingelinufaisha zaidi.

Wazo lilikoanzia

Kambi za chuo kikuu kwa vijana wenye vipaji, katika sura inayojulikana leo, zimetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya mwanasaikolojia Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Mwaka 1969 alimpa mvulana wa miaka 13, Joseph Bates, mtihani wa kuingilia chuo kikuu. Matokeo yake yaliwazidi wengi waliokuwa wakubwa kwake kwa miaka minne au mitano, na mwaka huohuo akaanza masomo ya shahada. Mwaka 1971 Stanley alianzisha utafiti wa kuwatafuta na kuwafuatilia watoto wenye uwezo mkubwa wa hisabati.

Mbinu yake ilikuwa rahisi. Mtihani wa darasa hauwezi kuwatofautisha wanafunzi wa juu, kwa kuwa wote hupata alama karibu na mia na kuonekana sawa. Mtoto wa miaka 12 akipewa mtihani ulioandaliwa kwa wa miaka 17, tofauti zinajitokeza. Kuanzia 1980, waliofanya vizuri katika mtihani huo walialikwa kwenye kambi ya likizo ya kiangazi iliyoandaliwa na chuo hicho. Katika wiki tatu mwanafunzi husoma somo moja tu, na huenda akamaliza kazi ambayo shule huigawa kwa mwaka mzima.

Kabla ya Stanley, jimbo la North Carolina lilikuwa limejaribu njia nyingine. Mwaka 1963, chini ya Gavana Terry Sanford, lilifungua shule ya kiangazi katika chuo cha Salem, mjini Winston-Salem, kwa wanafunzi wa sekondari waliochaguliwa kutoka pande zote za jimbo. Humo hapakuwa na mitihani, alama wala vyeti vya kuhesabiwa baadaye. Kijana alikwenda kusoma hesabu, muziki au falsafa kwa sababu ya kuvipenda, akajadiliana na wenzake hadi usiku. Majimbo mengine yalifuata mfano huo.

Mifano hii miwili inatofautiana kwa jambo lenye uzito kwa Shinyanga: fedha. Wiki tatu katika kambi za Johns Hopkins hugharimu maelfu ya dola. Ufadhili upo, lakini wengi wanaohudhuria ni watoto wa familia zenye uwezo. Kambi ya North Carolina ilianza ikiwa mradi wa umma, na kijana wa shamba la tumbaku aliweza kukaa meza moja na mtoto wa daktari. Anayetaka kuiga Marekani anapaswa kwanza kuamua anaiga ipi.

Swali jingine ni la ushahidi. Waliofuatiliwa na utafiti wa Stanley walikuja kupata shahada za uzamivu na hataza za uvumbuzi kwa viwango vilivyowazidi mno watu wa kawaida. Hilo halithibitishi kwamba kambi ndiyo iliyowafikisha huko. Walichaguliwa kwa kuwa tayari walikuwa na uwezo, na huenda wengi wao wangefika kwa njia yoyote. Ndiyo maana mtoto aliyezungukwa na vitabu na wazazi wasomi si kipimo kizuri cha faida ya kambi. Kipimo kizuri zaidi ni mtoto ambaye, bila kambi, asingejua kuwa njia ipo. Wilaya za Bukombe na Kishapu zina watoto wengi wa aina hiyo kuliko Baltimore.

Majaribio ya Afrika Mashariki

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uzoefu wa karibu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kitivo chake cha sayansi kilianzisha mpango wa awali kwa wasichana waliokosa kidogo tu alama za kuingilia. Waliitwa chuoni kabla ya muhula, wakafundishwa kwa wiki kadhaa, wakapewa mtihani, na waliofaulu wakadahiliwa. Upande wa uhandisi ukaanzisha mpango wake mwaka 2004, na idadi ya wasichana katika madarasa hayo ikapanda. Hawa walikuwa wahitimu wa kidato cha sita, lakini fundisho lake ni pana: wiki chache za kuishi na kusoma chuoni zilifichua uwezo ambao cheti hakikuuonyesha.

Nchini Kenya, mwandishi wa habari wa Marekani John Manners na Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972, walianzisha mwaka 2004 mpango wa kuwaandaa vijana wa Bonde la Ufa kuingia vyuo vikuu bora vya Marekani. Vijana hao, wengi kutoka familia za wakulima wadogo, walipiga kambi Iten, mji unaofahamika zaidi kwa wakimbiaji. Miaka ya mwanzo walioomba nafasi walipimwa pia kwa mbio za mita 1,500, maana kocha wa chuo alikuwa na sauti katika udahili. Wahitimu wake wameingia Harvard, Yale na vyuo vingine vya hadhi hiyo.

Huko huko Kenya, kuanzia 2014, UNESCO ikishirikiana na wizara ya elimu na Chuo Kikuu cha Nairobi imekuwa ikiendesha kambi za sayansi kwa wasichana wa sekondari. Wasichana hao hulala chuoni kwa siku chache, hutembelea maabara, na hukutana na wanawake wahandisi na watafiti. Ni muda mfupi mno kwa masomo mazito, ila unatosha kumwonyesha msichana wa kijijini mwanamke aliyevaa koti la maabara ambaye si muuguzi.

Tanzania ina pia Wanasayansi Chipukizi, mpango ulioanzishwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry kwa kufuata mfano wa Ireland, na ambao maonyesho yake ya kwanza ya kitaifa yalifanyika 2012. Wanafunzi hufanya utafiti mdogo shuleni na kuupeleka Dar es Salaam. Chama cha Hisabati nacho huendesha mashindano ya shule. Mipango yote miwili huwapata wenye vipaji, kisha huwarudisha walikotoka.

Hatua iliyo kubwa zaidi ni ya hivi karibuni. Ufadhili wa Samia, uliotangazwa mwaka 2022 kwa wahitimu wa kidato cha sita wanaoongoza katika masomo ya sayansi, umepanuliwa kugusa sayansi ya data na akili unde. Mwaka 2025 vijana 50 waliwekwa kambini katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, kujiandaa kabla ya kwenda masomoni. Kwa uamuzi huo Serikali yenyewe imekubali kwamba kipaji kikubwa kinahitaji maandalizi ya pekee, na kwamba mahali pa kuyafanyia ni chuo. Lililobaki ni umri. Kijana anayefikiwa akiwa amemaliza kidato cha sita tayari amevuka vichujio viwili vikali, na wengi waliofanana naye wameishia njiani.

Jina la Kambarage na hoja mbili

Shinyanga ina kata iitwayo Kambarage na uwanja wa mpira wenye jina hilohilo, vyote kwa heshima ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Historia ya Mwalimu inabeba hoja zote mbili zinazogongana katika suala hili.

Kambarage alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Alifanya vizuri kiasi cha kuchaguliwa kwenda Tabora mwaka 1937, shule iliyokuwa ikiwakusanya vijana bora wa Tanganyika, na kutoka hapo akaenda Makerere. Bila mkono uliomchagua na kumtoa Butiama, taifa lingekuwa na historia tofauti. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza: kipaji kisipotafutwa na kulelewa, wote hupoteza.

Hoja ya pili ni yake mwenyewe. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, alilaumu elimu iliyorithiwa kwa kuwaandaa wachache na kuwatenga na jamii iliyowalipia. Shule, kwa mtazamo wake, ilipaswa kumfaa pia yule ambaye hatakwenda sekondari. Miaka saba baadaye Azimio la Musoma likaelekeza kwamba kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu.

Wanaopinga kambi za wachache husimama katika hoja hiyo ya pili, na wana sababu. Shule yenye upungufu wa madawati na walimu wa hisabati ina haki ya kuuliza kwa nini fedha ziende kwa vijana, tuseme 60, ambao tayari wanafaulu. Wapinzani hao huhofu pia kwamba kambi itageuka tangazo la biashara, kama ilivyokuwa kwa orodha za wanafunzi na shule bora. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Taifa liliacha kutangaza orodha hizo, kwa maelezo kwamba shule zinatofautiana mno mazingira kuweza kushindanishwa.

Hofu ya tatu ni ya likizo yenyewe. Maofisa wa elimu wamekuwa wakikemea masomo ya ziada wakati wa mapumziko, wakisema mtoto anahitaji kupumzika na kukaa na wazazi wake. Mwaka 2023 waraka wa Kamishna wa Elimu ulizuia bweni kwa watoto wa madarasa ya chini ya darasa la tano. Kijana wa miaka 17 si mtoto wa darasa la pili, lakini msingi wa katazo, kwamba kumtenga mtoto na familia kuna gharama yake, haupotei kwa umri.

Hoja hizi ni za kweli na hazijibiwi kwa kuzipuuza. Jibu lake limo katika namna kambi inavyochagua, inavyofundisha na inavyolipiwa. Kambi inayomtoza mzazi laki kadhaa na kuchukua watoto wa shule binafsi za mjini inastahili kupingwa. Kambi ya bure inayochukua watoto kutoka kila kata ni jambo tofauti kabisa, na ndiyo inayoendana na Elimu ya Kujitegemea.

Nani achaguliwe

Zaidi ya nusu milioni ya watahiniwa hufanya mtihani wa kidato cha nne kila mwaka nchini. Kuchagua kwa kufuata alama peke yake ni kazi nyepesi na yenye dosari. Mtoto wa Shinyanga vijijini huongea Kisukuma nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza kidato cha kwanza na kupimwa kwacho katika karibu kila somo. Alama yake ya fizikia hupima fizikia na Kiingereza kwa pamoja. Asiye na mwalimu wa somo hilo hupimwa pia kwa bahati.

Mtihani wa uteuzi unaweza kuepuka sehemu ya dosari hiyo. Maswali yaandikwe kwa lugha zote mbili, yawe machache, na yawe ya kufikiri badala ya kukariri. Mbinu ya Stanley inafaa hapa: maswali ya ngazi ya juu zaidi ambayo hakuna aliyefundishwa, yenye maelezo ya kutosha kuyajibu kwa akili. Kisha kila kata itengewe nafasi, na nusu ya nafasi zote ziwe za wasichana. Mwalimu wa somo aruhusiwe kumtaja mwanafunzi mmoja ambaye alama zake hazimfanani, maana walimu huwajua.



Msichana na miezi saba

Kwa msichana, suala hili lina uzito wa pekee. Takwimu za utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 zilionyesha kuwa Shinyanga iliongoza nchini kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mkoa wakati huo ulijumuisha maeneo ambayo sasa yako Simiyu na Geita. Mahari ya ng'ombe wengi humfanya binti kuwa tegemeo la uchumi wa ukoo, hasa mvua inapokata na pamba ikashuka bei.

Sheria imesogea. Mwaka 2016 marekebisho ya Sheria ya Elimu yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Mwaka huohuo, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019.

Ulinzi wa kila siku, hata hivyo, hutoka shuleni. Mwalimu anayeita majina asubuhi ndiye wa kwanza kugundua kwamba binti hayupo. Baada ya mtihani wa kidato cha nne jina la binti halimo katika daftari la shule yoyote hadi Julai. Hakuna anayeita, kwa hiyo hakuna anayegundua. Kambi ya wiki tatu haizibi miezi saba yote, lakini humweka binti katika daftari la watu wanaomngojea, na humpa baba yake barua yenye mhuri wa chuo. Katika mazungumzo ya mahari, barua hiyo huweza kumpa mama au mjomba neno la kusema.

Bweni lina hatari zake pia, na mpango unaozinyamazia haufai kuanza. Vijana wa sekondari wasichanganywe na wanafunzi wa chuo katika jengo moja. Matroni na patroni wawe watu waliohakikiwa, na kila mkoa unao maofisa ustawi wa jamii wa kuwahakiki. Mahali pa kutoa taarifa pawe nje ya uongozi wa kambi, kwa ofisa wa halmashauri au dawati la jinsia la polisi, ili mtoto asilazimike kumshitaki mtu kwa mtu huyohuyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na wengi wa wahitimu wa kidato cha nne wako chini ya umri huo.

Cha kufundisha kipo mlangoni

Kambi ya chuo isiwe kidato cha tano kilichoanza mapema. Kozi za awali za kidato cha tano zipo tayari katika shule binafsi, na anayezitaka hulipia. Faida ya chuo ni kumpa kijana swali ambalo jibu lake halijapatikana, na mikoa hii ina mengi.

Miamba inayobeba dhahabu ya Geita na Bulyanhulu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Kijana aliyezaliwa juu yake anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuelezwa dhahabu ilifikaje hapo. Mwadui, wilayani Kishapu, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, pana bomba la kimbalaiti, mwamba unaobeba almasi, ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi yanayochimbwa duniani. Jiolojia, kemia ya zebaki na madhara yake kwa samaki na watu, na hesabu za kukadiria mbale, yaani mawe yenye dhahabu, ni masomo ambayo kijana huyo atayaelewa upesi, kwa kuwa ameona kaka zake wakiyaishi duarani, katika mashimo ya wachimbaji, bila kuyasoma.

Ngitili nazo zinangoja. Shinyanga iliyokuwa imekaribia kuwa jangwa ilirudishiwa miti kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kati ya 1986 na 2004. Wataalamu waliacha kupanda miti ya kigeni peke yake na kuirudia ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kufungia sehemu ya malisho ili ipumzike. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na uoto, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kijana anayehesabu aina za miti katika ngitili ya kijiji chake, akalinganisha na shamba la jirani, anafanya sayansi halisi na anamsikiliza babu yake kwa sikio jipya.

Wahandisi wanaweza kuanza na maji. Bomba linaloleta maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga kutoka Ihelele, Misungwi, lilizinduliwa mwaka 2009. Kila mwanafunzi wa mji wa Shinyanga anayakinga asubuhi. Kuyasukuma umbali ule, kwenye mwinuko ule, kwa gharama ile, ni fizikia, hesabu na uchumi vikiwa katika swali moja.

Kizumbi na tatizo la kalenda

Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina kampasi Kizumbi, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, mahali penye historia ndefu ya mafunzo ya ushirika katika nchi ya pamba. Nguvu yake iko katika uhasibu, biashara na ushirika. Walimu wa jiolojia na fizikia watatoka Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam. Bariadi kuna mradi wa kampasi ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha, na Sengerema wa Chuo Kikuu cha Ardhi, yote miwili chini ya mpango wa kupanua elimu ya juu unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Vyuo vinausogelea ukanda huu.

Kikwazo kikubwa ni kalenda. Marekani shule na vyuo hufunga pamoja kiangazi, na mabweni hubaki matupu. Tanzania vyuo vikuu hufunga kuanzia Agosti hadi Oktoba, wakati sekondari ziko katikati ya muhula. Sekondari hufunga Juni, wakati vyuo viko kwenye masomo au mitihani. Anayepanga kambi ya Juni katika hosteli za chuo atakuta vitanda vina wenyewe.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuwalaza vijana katika mabweni ya sekondari za bweni, ambayo Juni huwa matupu, na kuwapeleka chuoni mchana kwa basi. Nyankumbu, sekondari ya wasichana iliyojengwa na Mgodi wa Dhahabu wa Geita, inaonyesha kuwa majengo mazuri ya bweni yapo mkoani. Ya pili ni kutumia mapumziko ya katikati ya mwaka wa chuo, baina ya mihula miwili, ambayo huangukia katika miezi saba ya wahitimu wa kidato cha nne. Njia hii ya pili ni bora. Matokeo yanakuwa yametoka, bweni la chuo lipo kwa wiki chache, na kijana anafikiwa kabla hajazoea karasha.

Wahadhiri nao wana hesabu zao. Hupandishwa cheo kwa machapisho na kwa kufundisha wanafunzi waliosajiliwa, si kwa wiki tatu na vijana wa kidato cha nne. Chuo kikiihesabu kambi kuwa huduma kwa jamii katika tathmini ya mwaka, watajitokeza. Wanafunzi wa shahada za uzamili wanaotoka mikoa hii wanaweza kuwa wasaidizi, na kwa kijana wa Nyang'hwale msaidizi anayezungumza Kisukuma ana thamani zaidi kuliko profesa.

Fedha za migodi

Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Buzwagi, Kahama, ulianza 2009 na umekwishafungwa, jambo linalokumbusha kwamba dhahabu ina mwisho wake. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Kwa Geita fedha hizo ni mabilioni ya shilingi, na zimejenga madarasa, zahanati, masoko na barabara. Kampuni ya madini ya Barrick kwa upande wake ilitangaza mwaka 2023 mpango wa dola milioni 30, kupitia ubia wake na Serikali wa Twiga, kujenga madarasa na mabweni ya kidato cha tano na sita nchini.

Majengo yanapendwa kwa sababu yanaonekana na yanazinduliwa kwa utepe. Kambi haina ukuta wa kuandika jina la mfadhili. Gharama zake ni chakula, nauli, posho za walimu, matroni, karatasi na kemikali za maabara, na kwa vijana 60 kwa wiki tatu ni sehemu ndogo sana ya bei ya jengo moja la madarasa. Hakuna kinachozuia kuiweka katika mpango wa wajibu kwa jamii, kwa kuwa elimu imo tayari miongoni mwa maeneo yanayogharamiwa.

Mpango huo huanzia kwenye vipaumbele vinavyoibuliwa na kata, hupita kwa wataalamu wa halmashauri na baraza la madiwani, kisha halmashauri na mgodi hutia saini. Ombi la kambi linapaswa kufuata njia hiyohiyo, likiwa na barua ya chuo kinachokubali kutoa walimu na bweni, orodha ya nafasi za kila kata, na bajeti ya mwaka wa kwanza. Halmashauri za Geita, Msalala, Kahama na Kishapu zinaweza kuchangia kambi moja badala ya kila moja kuanzisha yake, kwa kuwa mwalimu wa jiolojia ni yuleyule na Kizumbi inafikika kwa basi kutoka zote nne.